Sange, Mbuni na Kinu cha Mama Mkwe

Natoka!
— Toka!
Nakwenda!
— Nenda!
Nikichoka njiani?
— Tutakubeba!
Nikidanganya?
— Twende vivyo hivyo!

Haya, nimewasikia. Wewe wa nyuma unayetafuna muwa, tafuna polepole. Hadithi yangu ina miguu midogo, ukipiga kelele hutaisikia ikipita.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, palikuwa na Sange. Sange mnamjua? Kanyama kadogo, pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba kama njiti. Chakula chake mchwa na kumbikumbi. Kazi yake kufagia. Kila asubuhi Sange alifagia vijia vyake vya porini. Anaondoa jani, anaondoa kijiti, anaondoa kokoto, kisha anapita humo mbio: tiki-tiki-tiki-tiki! Katika wanyama wadogo wote, hakuna aliyempata kwa mbio.

Na palikuwa na Mbuni. Shingo ndefu, mapaja manene, na tumbo lisilolijua neno "basi". Mbuni akiona kitu, anameza. Anameza kwanza, anauliza baadaye. Alishameza mawe, alishameza mbegu walizoanika watu, na kwenye msiba wa babu yake Kanga alimeza kijiko cha kupakulia, akasema nyama ilikuwa ngumu kidogo. Kwa mbio, usimguse. Akikanyaga, pu! pu! pu! ardhi inatikisika.

Sasa, nchi hiyo wakati wa kiangazi ilibakiwa na kisima kimoja tu. Asubuhi maji yake ni safi, unajiona uso. Jioni, baada ya kwato na makucha ya mchana kutwa, ni tope. Ili wasigombane, wanyama waliweka mashindano. Kila mwaka mkubwa mmoja na mdogo mmoja walikimbia kutoka Mawe Meupe, jua linapochomoza, hadi kisimani. Yaliitwa Mbio za Jua Zima. Nyinyi siku hizi mnaziita marathoni, mnabandika namba kifuani na kupigana picha. Wao walikimbia kwa sababu ya kiu. Akishinda mkubwa, wakubwa wanakunywa asubuhi na wadogo jioni. Akishinda mdogo, kinyume chake.

Miaka mitatu mfululizo alishinda Mbuni. Miaka mitatu wadogo walichuja tope kwa meno.

Mwaka wa nne, Mbuni akasimama mbele ya mkutano, akanyoosha shingo.

"Nikishinda mara hii," akasema, "nakunywa asubuhi, nakunywa na jioni."

"Na sisi?" wadogo wakauliza.

"Nyinyi hameni."

Wote wakamgeukia Kanga, maana Kanga ndiye aliyekuwa mwamuzi. Kanga akazipekua sheria zote kichwani mwake, akazipekua tena, akakuta hakuna inayokataza.

"Kang'! Kang'! Inaruhusiwa!"

Wahamie wapi? Mto mwingine ulikuwa mwendo wa siku mbili, na katikati ni uwanda mtupu, hakuna kichaka, juu wanazunguka mwewe. Na Chausiku, mke wake Sange, alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mapacha. Wale watoto hata kuvuka ua walikuwa bado hawajui. Siku mbili za uwanda mtupu wangezimaliza tumboni mwa mwewe.

Kwa hiyo macho ya wadogo wote yakawa kwa Sange.

Sange akasema, "Mimi mwaka huu sikimbii."

Msimlaumu haraka. Ngojeni niwaambie.

Mwaka uliotangulia Sange alikimbia vizuri mpaka kwenye kisiki cheusi, ambacho ni katikati ya njia. Hapo pumzi ikamwishia. Akajilaza kidogo kivulini, hicho kidogo kikawa kirefu. Alipoamka alijikongoja hadi kisimani, akafika jua limeshainama. Akakuta hakuna mtu. Hakuna wa kumpigia makofi, hakuna wa kumcheka. Hata Kanga mwamuzi alikuwa amekwenda zake kulala. Sange angechekwa, angekasirika, na hasira ingemkimbiza mwaka mzima. Lakini hakuchekwa. Alisahauliwa. Akanywa tope lake peke yake, akarudi nyumbani kimya, na tangu siku hiyo hamu ya mbio ikamtoka yote. Vijia vyake vikaota majani.

"Sange, amka ukimbie," Chausiku anamwambia.

"Kesho."

Kesho yake: "Sange, amka ukimbie."

"Mguu unauma."

"Upi?"

"Bado sijaamua."

Keshokutwa: "Sange, amka ukimbie."

Sange akajifunika jani kichwani. Zilikuwa zimebaki wiki sita na siku chache.

Chausiku hakugomba. Wanawake wengine wangegomba, mimi mwenyewe ningevunja vyombo. Chausiku alitoka nje, akamwita Kanga, akamnong'oneza maneno machache ya kupeleka ng'ambo ya kilima. Kisha akarudi ndani kunyonyesha watoto wake, uso hauna habari.

Siku ya tatu, jua la saa nne, Sange amelala chali, miguu juu, mdomo wazi. Akasikia sauti uani.

"Hodi wenyewe!"

Sange akaruka mpaka akagonga dari.

Mama mkwe!

Jina lake sitawatajia. Mama mkwe hatajwi jina, hata katika hadithi. Nitawaambia tu kwamba alikuwa sange mzee, pua imepinda kidogo, na kichwani amebeba kinu kikubwa kuliko yeye, mchi ndani, ungo juu, na kifurushi cha mtama kwapani.

Mnajua adabu yetu. Mwanamume hajinyooshi kitandani mchana mama mkwe yuko uani. Hali akamaliza sahani mbele yake. Hapigi miayo. Ndiyo adabu, na Sange alilelewa vizuri.

"Shikamoo mama," akasema, amesimama upande, macho chini.

"Marahaba mkwe wangu. Nimekuja kumwona mzazi. Nitakaa wiki sita. Wewe endelea kupumzika, usijisumbue."

"Kupumzika? Mimi? Hapana mama. Mimi nilikuwa… nilikuwa ndiyo natoka kwenda kukimbia."

"Alaa! Hata mchana?"

"Mchana ndio hasa."

Akatoka. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu kikubwa, na kukizunguka kulikuwa na kijia chake cha zamani, kimeota majani. Sange akazunguka mara moja, taratibu. Akataka kurudi ndani. Akachungulia: mama mkwe ameketi mlangoni hasa, kinu mbele yake. Akazunguka tena. Akachungulia. Bado yupo. Akazunguka tena.

"Mkwe," mama mkwe akaita.

"Naam mama."

"Unazunguka kama mtu aliyedondosha sindano. Kama ni kukimbia, kimbia. Sikiliza: mimi nikitwanga, wewe kaza. Nikipepeta, tembea. Nikitwanga tena, kaza tena. Unga ukitosha nitasema."

Angekataaje? Mama mkwe ameshasema.

Mama mkwe akatwanga: tu! tu! tu! tu! Sange akakimbia: tiki-tiki-tiki-tiki!
Mama mkwe akapepeta: shee, shee, shee. Sange akatembea: hu-ha, hu-ha, hu-ha.
Mama mkwe akatwanga: tu! tu! tu! tu! Sange akakimbia: tiki-tiki… tik… ti…

Mzunguko wa nne Sange akaenda nyuma ya kichuguu akatapika mchwa wa juzi.

"Leo unga umetosha," mama mkwe akasema, kana kwamba hakusikia kitu.

Usiku miguu ilimwaka moto. Asubuhi Sange akamwomba Mungu mvua inyeshe, na mnajua kiangazi hakina mvua. Tu! tu! tu! ikasikika uani. Akatoka. Mizunguko mitano. Siku iliyofuata, sita. Alichukia kinu, alichukia mchi, alichukia ungo, alimchukia aliyevumbua mtama. Kila alipopita mbele ya mama mkwe alisema "naam mama" na kila alipofika nyuma ya kichuguu alisema mengine ambayo siwezi kuyarudia hapa, watoto wapo.

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo. Na wiki ya pili, Mbuni akapita.

Mbuni alisikia kinu. Mbuni akisikia kinu, shingo inatangulia, miguu inafuata. Akafika, akamwona mama mkwe anatwanga, akamwona Sange anazunguka, akasimama kuduwaa.

"We Sange! Mnagawana nini hapo?"

Sange alikuwa hana pumzi hata ya kusema "hatugawani kitu". Akasema neno moja tu lililotoka.

"Mi… zunguko!"

"Mizunguko? Ndiyo nini? Inaliwa?"

Hapo Sange akamtazama Mbuni. Akalitazama lile tumbo. Akakikumbuka kile kijiko cha msibani. Na ile akili ndogo iliyokuwa imelala mwaka mzima pamoja na mwenyewe, ikafungua jicho moja.

"Mizunguko bwana, ee," Sange akasema, akajilazimisha kutabasamu. Uso ulimuuma. "Mitamu hii! Lakini ni ya kwangu. Mama mkwe amenikatia minane kwa siku. Wewe hujakatiwa."

"Nani kasema? Mimi ndiye bingwa. Wewe ukipewa minane, mimi napewa kumi na sita!"

"Aka! Itakuwa mingi, itakushinda."

"Mimi kitu kinishinde? We bibi, twanga!"

Mama mkwe akamtazama mkwe wake kwa pembe ya jicho. Akatwanga.

Tu! tu! tu! tu! Sange: tiki-tiki-tiki-tiki! Mbuni: pu! pu! pu! pu!
Shee, shee, shee. Sange akatembea.

"Mbona unatembea?" Mbuni akauliza.

"Napumzika kidogo."

"Ukipumzika, huo mzunguko wa katikati ni wa nani?"

"Hauna mwenyewe."

"Basi ni wangu!" Na Mbuni akakimbia, pu! pu! pu!, huku mama mkwe anapepeta.

Tangu siku hiyo Mbuni hakukosa. Sange akikimbia minane, Mbuni kumi na sita na ile ya katikati juu yake. Sange akikimbia kumi, Mbuni ishirini. Siku Sange asipokimbia, Mbuni anachukua ya kwake na ya Sange, anaondoka anajilamba mdomo.

Mama mkwe akamvuta mkwe wake kando, akamsemesha huku ametazama upande mwingine, kama inavyopasa.

"Mkwe, mimi sikuingilii. Lakini huyu unamfundisha. Anazidi kuwa na mapaja."

"Mama, nitazame mimi. Wiki ya kwanza nilitapika. Sasa hivi?"

"Sasa hivi hutapiki."

"Miguu yangu inapata nguvu lini? Ninapokimbia?"

Mama mkwe akafikiri. "Unapolala."

"Mbuni analala lini?"

Mama mkwe akageuka kwa mara ya kwanza, akamtazama usoni, jambo ambalo si adabu, kisha akarudi kwenye kinu chake akitikisika mabega. Sange hakujua kama analia au anacheka.

Lakini kuna jambo Sange hakulipangia, na hili ndilo ninalolipenda mimi katika hadithi hii. Ili Mbuni atamani, Sange alilazimika kuonekana anafurahi. Kila asubuhi akivaa tabasamu la uongo. Kila akimpita Mbuni anapiga kelele: "Wee, mtamu huu! Ooo, huu wa tano umezidi!" Uongo mtupu. Alisema uongo Jumatatu, akasema Jumanne, akasema Jumatano. Alhamisi mama mkwe akatwanga, tu! tu! tu!, Sange akakata kona ya kichuguu, upepo ukampiga masikioni, kijia kikawa kinapita chini yake chenyewe, na tabasamu likamjia. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mbuni alikuwa bado hajafika. Hapakuwa na wa kudanganywa.

Kesho yake aliamka kabla ya mama mkwe. Akachukua ufagio, akaondoa jani, akaondoa kijiti, akaondoa kokoto. Chausiku akamwona kupitia upenyo wa mlango, akawakumbatia mapacha wake, machozi yakamlengalenga. Mwaka mzima alikuwa hajausikia ule ufagio.

Basi wakaendelea hivyo. Sange mizunguko kumi na miwili, yote mikali, anamaliza mchi ukiwa bado hewani. Mbuni ishirini na minne na ya katikati na ya ziada. Magoti ya Mbuni yakaanza kuvimba. Manyoya yakaanza kudondoka.

"Vipi bwana," Sange akamuuliza, "umeshiba?"

"Nani? Mimi?"

Ikafika wiki ya mwisho. Mama mkwe akaegemeza mchi ukutani.

"Unga umetosha," akasema. "Wiki hii mkwe wangu hakuna kutwanga. Lala, kula, nyoosha miguu. Ukiwashwa sana, zunguka mara mbili tu, polepole."

Ajabu ya viumbe! Wiki tano nyuma yule yule Sange alikuwa hataki kuamka. Sasa aliambiwa alale akashindwa. Akakaa, akainuka. Akachungulia kichuguu. Akahisi mguu unauma, akaupapasa, akakuta hauumi. Akamuuliza mkewe mara kumi kama amenenepa. Akaenda mlangoni mwa mama mkwe, akakohoa.

"Mama, hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Lakini akili yake haikulala. Mbuni alipokuja, alimkuta Sange amekaa juu ya kichuguu, amekumbatia magoti, uso wa kuficha kitu.

"Leo hamtwangi?"

"Hapana. Leo natunza akiba. Mizunguko yangu yote ya wiki hii nimeiweka, niile yote siku moja kabla ya mbio. Themanini. Tafadhali bwana mkubwa, usiiguse. Nimeihesabu."

Mbuni akameza mate. Mmeshamwona mtu anayeambiwa usiguse? Siku ya kwanza alikula kumi, kwa siri, Sange akamwona kupitia upenyo. Siku ya pili kumi na tano. Siku moja kabla ya mbio alikula yote iliyobaki, na akaongeza ishirini ili Sange akija aikose hata harufu. Pu… pu… pu… Hata jua likamwonea huruma, likazama mapema.

Siku ikafika. Mawe Meupe yamejaa wanyama. Sange mstarini, miguu inamcheza. Mbuni mstarini, macho mekundu, amefunga kamba za majani magotini.

"Kang'! Kang'! Kang'! Haoo!"

Pu! pu! pu! pu! Mbuni huyoo! Msimdharau, bado ni Mbuni. Hatua yake moja, ya Sange arobaini. Kabla umande haujakauka, Mbuni alikuwa vumbi tu upeoni, na wadogo waliosimama njiani wakaanza kutazama chini. Wengine walishaanza kufikiria nani atabeba nini wakihama.

Sange akabaki peke yake na njia. Tiki-tiki-tiki-tiki. Jua likapanda. Hakumwona Mbuni, hakumsikia, hakujua lolote. Laiti angejua, lakini hakujua. Alijua tu kwamba koo limekauka, kifua kinabana, na mbele yake kinakuja kitu cheusi.

Kisiki.

Kivuli chake kilikuwa pale pale. Hata nyasi zilikuwa bado zimelala umbo la mgongo wake wa mwaka jana. Miguu ya Sange ikapunguza mwendo yenyewe, bila ruhusa. Jilaze kidogo, kivuli kikasema. Mwenzio ameshafika. Nani anakungoja?

Sange akasimama. Ndiyo, alisimama, siwafichi.

Kisha kichwani mwake, mbali, akasikia: shee, shee, shee.

Akasema, "Kumbe sasa ni kupepeta. Nikipepetewa natembea." Akatembea. Hu-ha, hu-ha, hu-ha. Akatembea akakipita kile kivuli. Alipokiacha nyuma, kichwani kinu kikaanza: tu! tu! tu! tu!

"Naam mama," Sange akajibu, na akakaza.

Tiki-tiki-tiki-tiki! Tu! tu! tu!, kaza. Shee, shee, tembea. Hakukimbia marathoni tena. Alikuwa anazunguka kichuguu chake tu, ila kichuguu kilikuwa kimenyooshwa. Na alipopanda kilima cha mwisho, akakiona kisima, na kati yake na kisima akaona mti wa ajabu, umesimama katikati ya njia kwa mguu mmoja.

Haukuwa mti.

"Sange!" Mbuni akalia. "Msuli umenikaza! Huu wa kulia. Nikiuweka chini unakaza, nikiuinua unakaza. Na huu wa kushoto umeanza!"

"Pole sana."

"Nipe mzunguko mmoja ule wa akiba unitie nguvu!"

"Bwana mkubwa, yote ulikula wewe."

Sange akampita. Kilichobaki kilikuwa kipande kifupi tu. Angeweza kutembea. Angeweza kusimama akachuma ua. Hila yake ilikuwa imekamilika, na mjanja yeyote mwenye heshima zake angetembea huku akijipepea. Lakini mama mkwe wa kichwani alikuwa anatwanga, na Sange akaruka mbio kali kuliko zote za maisha yake, masikio nyuma, pua mbele, akicheka kwa sauti bila ya kumdanganya mtu, tiki-tiki-tiki-tiki-tiki, mpaka akajitumbukiza kisimani chubwi!

Wadogo wakapiga vigelegele mpaka ndege wakahama miti. Chausiku alikuwa pale na mapacha mgongoni. Kanga, aliyekuwa amewahi kwa mabawa, akatangaza: "Kang'! Asubuhi ni ya wadogo!" Maji yalikuwa safi, na Sange akayanywa akiona uso wake humo ndani. Mapacha nao wakachovya pua zao kwa mara ya kwanza.

Mama mkwe akasimama kando, uso ameelekeza kwingine. Sange akasogea, macho chini.

"Ahsante mama."

"Sijafanya kitu. Nilikuwa natwanga zangu."

Hapo ndipo Sange akatulia kidogo, na akili yake yote ikaamka. Akakikumbuka kifurushi cha mtama. Akazikumbuka wiki tano za unga, unga umejaa vikapu, unga umejaa mpaka chini ya kitanda.

"Mama," akasema polepole. "Sisi tunakula mchwa."

Mama mkwe akainua ungo wake.

"Wewe unakula mchwa. Chausiku anakula mchwa. Ule unga wote ulikuwa wa nani?"

Chausiku akaanza kuwapapasa watoto migongo kwa bidii sana. Mama mkwe akaupangusa ungo wake.

"Mkwe wangu, umekimbia wiki tano hukuuliza. Leo umeshinda ndiyo unataka kuuliza?"

Mjanja wetu akacheka: kumbe mjanja naye alikuwa na mjanja wake.

Watu wakaanza kutawanyika, maana mshindi ameshapatikana na matumbo yana njaa. Kanga akakunja mabawa aende zake. "Kaa chini," Sange akamwambia, kwa sauti ambayo Kanga hakuwahi kuisikia. "Bado mmoja njiani." Kanga akakaa. Chausiku akakaa, mama mkwe akakaa, na wadogo walioona hivyo wakarudi mmoja mmoja wakakaa. Wakangoja. Jua likainama. Ndipo juu ya kilima ikaonekana shingo, kisha goti, kisha goti jingine. Pu… Pu… Pu…

Wakampigia makofi. Mbuni akafika amejaa vumbi, manyoya yamebaki machache, akawatazama wote asielewe wanamngoja nani. Sange akamsogezea kibuyu alichokuwa amemchotea maji yakiwa bado safi. Mbuni akameza maji, akameza na kizibo. Akainamisha shingo. Kila mtu akadhani ataomba radhi.

"Sange," akasema, "kesho mnatwanga saa ngapi?"

Basi, mnataka funzo. Kila hadithi mnataka funzo, kama nyongeza ya sukari dukani. Haya, shikeni: mazoezi ni kitu kibaya sana. Mbuni alifanya mengi kuliko wote, mkaona yaliyompata. Kwa hiyo kesho asubuhi mkiambiwa mwamke mkakimbie, jifunikeni, laleni, na mkiulizwa nani kawafundisha, msinitaje. Ila kabla hamjalala chungulieni uani kwanza, mhakikishe hakuna aliyetua kinu.

Nimefika!
— Fika!
Nimechoka njiani?
— Hatukukubeba!
Nimedanganya?
— Tumekwenda vivyo hivyo!